Mume yuko Uingereza, upendo umepoa: jibu kwa dada wa Uyole

Dada wa Uyole, Mbeya, umeuliza: mume ana miaka minne Uingereza, simu zimebaki za ada na mbolea ya viazi, na watu wanasema anaishi na mwanamke. Ndivyo kulivyo huko? Uendelee kusubiri?

Yapo, tena mengi, na sisi tulio huku tusiyafiche. Wengi tunatunza wazee, zamu yenye urefu wa saa kumi na mbili. Anayetoka zamu saa mbili asubuhi wakati wa baridi, Mbeya ni saa tano: wewe uko shambani, yeye anakwenda kulala. Basi mnabaki na ujumbe. "Nimetuma." "Nimepokea, ahsante." Wiki tatu zikipita bila zaidi ya hayo, ndoa imeshaanza kuvuja, huyo mwanamke awepo asiwepo. Halafu kodi ya chumba ni kali, watu wanachangia, na kuchangia kunazaa mengine. Nakueleza chanzo, simtetei.

Usisubiri mikono mitupu, dada. Muulize kwa maandishi na umwambie hukubali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inauhesabu uzinzi kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika, hasa mtu akiendelea baada ya kupingwa. Ujumbe huo usiufute hata ukiwa na hasira.

Nyumba ndiyo inayoliza wengi: hela inapitia kwa shemeji, jina ni la mume. Nyumba mnayoishi kama mke na mume hawezi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa yako. Kama ina hati, weka zuio, yaani pingamizi la kuuzwa, kwa Msajili wa Hati. Kama ni karatasi za serikali ya mtaa tu, mwandikie mwenyekiti wa mtaa kuwa hukubali iuzwe, ubaki na nakala yenye muhuri. Risiti za saruji na mabati tunza. Kulea watoto na kulima nako ni mchango kwenye mgawanyo wa mali.

Kuhusu talaka, kawaida unaanzia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, la kata au la dini. Ila mwenza akiwa nje ya nchi na haelekei kurudi ndani ya miezi sita, sheria inakuruhusu kwenda mahakamani moja kwa moja. Wanawake wengi wanazungushwa kwa kutojua hilo.

Na akija likizo, hata mkisameheana, pimeni virusi vya UKIMWI wote wawili kwanza. Mikoa yetu ya Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo yenye maambukizi ya juu. Tumieni kondomu, kisha mpime tena baada ya miezi mitatu.