Ofa ya dola 72,000 Detroit: usisaini kwanza

Mdogo wangu, umeuliza kama dola 72,000 kwa mwaka zinatosha kusanifu mitambo kule Detroit. Mwajiri anayekuombea viza ya H-1B (ya kazi, kwa wageni wenye taaluma) lazima autaje mshahara kwa Wizara ya Kazi ya Marekani, na wizara huziweka taarifa hizo mtandaoni, bure. Pakua jedwali (zito kweli, tumia kompyuta), chuja cheo na mji, halafu tazama ngazi ya mshahara: ya 1 ni ya anayeanza, ya 4 ya mkongwe. Una miaka sita kazini. Wakikuandika ngazi ya 1, wanakupunja. Bonasi hutaiona humo. Mei 2023, nusu ya wahandisi mitambo Marekani walipata zaidi ya dola 99,510.