Kreni ya bandarini na ndege wa Uganda
SWALI: Mambo! Mi nakaa Kurasini, kila siku naona kreni zinanyanyua makontena. Juzi kwenye mechi mtangazaji anasema "Uganda Cranes", mwanangu akaniuliza, baba kwani hawa ni winchi? Nikabaki natoa macho tu. Nisaidieni.

JIBU: Hahaha, mwambie dogo aliyeanza ni ndege. "Crane" kwa Kiingereza ni yule ndege wa miguu mirefu na shingo ndefu, wale wa Uganda ni korongo taji, yumo mpaka kwenye bendera yao. Mashine ikapewa jina lake sababu ya ule mkono, we hebu iangalie jioni ikiwa inainamia meli, inashuka taratibu, inadonoa kontena, inanyanyuka, yaani shingo tupu! Na si Waingereza peke yao, Wafaransa nao wanasema "grue" kwa vyote viwili. Baadaye hilo "crane" la Kiingereza likawa hata kitendo, kurefusha shingo uchungulie, kama abiria wa daladala anayemtafuta konda aliyekaa na chenji yake. Halafu winchi nayo, kwa Waingereza ni ile mashine ya kuzungushia waya tu, sisi ndo tumeipa kreni nzima jina hilo.