Simu Ikae Mkononi mwa Mwenyewe

Mwaka nilioanza kuwafundisha akina mama wa mtaa wetu wa Langoni, hapa mjini Lamu, namna ya kutumia simu, alinijia bibi mmoja aliyelingana umri na marehemu bibi yangu. Aliketi kwenye daka, baraza ya mlangoni, akatoa simu ndani ya buibui, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ningeweza kumwambia pesa zake zimekwenda wapi. Mwanawe alikuwa akifanya kazi Mombasa na kila mwisho wa mwezi humtumia matumizi kwa M-Pesa. Naye bibi, kwa kuwa hakujua kuusoma ujumbe, alikuwa akimpa kijana mmoja wa jirani simu pamoja na nambari yake ya siri, ili amtolee pesa kwa wakala na kumletea nyumbani. Nilipozisoma jumbe zote moja baada ya nyingine, niliona kwamba kwa miezi mingi kilichomfikia mkononi kilikuwa pungufu ya kilichotumwa. Bibi hakulia. Alisema tu, "Mato nnayo, mwanangu, na sikuona."

Tangu siku ile nimekuwa nikiyapima mafunzo yote ya teknolojia, yangu na ya wenzangu, kwa swali moja: je, mtu huyu anaweza sasa kufanya peke yake jambo ambalo jana alilazimika kumpa mwingine amfanyie? Idadi ya simu zilizogawanywa na picha za siku ya vyeti hazilijibu swali hilo.

Wala sikulijua swali hilo tangu mwanzo. Darasa langu la kwanza lilivunjika baada ya wiki nne. Nilikuwa nimeazima kompyuta tatu, nikawafundisha akina mama majina ya sehemu zake, namna ya kuziwasha na kuzizima na kazi ya kipanya, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa mimi. Mmoja wao, anayeuza mahamri asubuhi, alinieleza kwa adabu kubwa kwamba nyumbani hana kompyuta wala hatarajii kuwa nayo, na kwamba haja yake ni kujua kama mteja anayemwonyesha ujumbe wa malipo amelipa kweli. Lilikuwa swali zito kuliko somo langu. Jibu lake ni kwamba muuzaji asiutazame ujumbe ulio katika simu ya mteja, maana huo unaweza kutungwa. Autazame ulioingia katika simu yake mwenyewe, ahakikishe kwamba umetoka kwa MPESA na si kwa nambari ya mtu, na akiwa bado na shaka aangalie salio. Somo hilo lilichukua alasiri nzima, na siku ya pili yake mama yule alikuja na wenzake wawili wenye biashara ndogo ndogo.

Kwa hiyo nawashauri wote wanaotaka kuanzisha darasa kama hili: kabla hamjaandika mtaala, kaeni na watu wenu na mwaulize kila mmoja ni jambo gani la simu analomwomba mtu amfanyie. Mmoja atasema kutuma pesa, mwingine kusoma matokeo ya mtihani wa mjukuu, mwingine kuzungumza na binti aliyeolewa Oman huku akimwona uso. Majibu hayo ndiyo mtaala wenyewe.

Kuna jambo lililobadilisha kabisa namna ninavyowatazama wanafunzi wangu. Nilikuwa nimezoea kusema, kama wengi wanavyosema, kwamba baadhi ya akina mama hawa hawajui kusoma. Siku moja nilikuwa nikieleza hatua za kutuma pesa, nikamwona mmoja wao akiandika kwa kasi katika daftari, kutoka kulia kwenda kushoto. Nilipoliomba daftari lake nilikuta hatua zangu zote zimeandikwa kwa Kiswahili safi kwa herufi za Kiarabu, alizojifunza utotoni chuoni, yaani chuo cha Kurani. Huu ni mji ambao kwa karne nyingi watu wake waliandika tungo, barua na hesabu za biashara kwa herufi hizo, nami nilikuwa nikimhesabu mrithi wa elimu hiyo miongoni mwa wasiojua kusoma. Niliona haya, na nikaanza upya.

Simu janja nyingi humruhusu mtu kuongeza kibodi ya pili bila gharama yoyote. Ya Kiarabu huwafaa kwa sehemu kubwa, lakini Kiswahili kina sauti za p, ch na g ambazo kibodi hiyo haizionyeshi wazi, kwa hiyo tukagundua kwamba ya Kifarsi inatufaa zaidi, kwa kuwa ina herufi za sauti hizo tatu. Mama aliyekuwa akiwategemea wajukuu kumwandikia ujumbe leo humwandikia dada yake kwa mkono wake. Wale ambao hawaandiki kwa herufi zozote tuliwafundisha kuandika kwa kusema, njia ambayo Google iliifungulia Kiswahili mwaka 2017. Kiamu chetu, lahaja ya Lamu, huitatiza mashine, maana anayetaja mai (maji) au muyi (mji) huandikiwa neno jingine kabisa, ila baada ya siku chache wengi huzoea kuizungumzia simu kwa Kiswahili cha redioni.

Daftari lile lilinifunulia pia chanzo cha kosa lililokuwa likinishangaza. Mama mmoja alikuwa akifungiwa huduma mara kwa mara kwa kukosea nambari ya siri mara tatu, ingawa aliikumbuka barabara. Nambari yake ilikuwa na tano, na katika tarakimu za Kiarabu alizozizoea tano ni kiduara, wakati sifuri ni nukta. Alipokiona kiduara katika simu alikibonyeza kuwa ni tano. Hakuna aliyewahi kumwuliza anazisoma vipi tarakimu, na kila wakala aliyemwendea alimwambia kuwa amesahau. Sasa tarakimu ndizo somo langu la kwanza kwa kila anayetoka chuoni, za Kiarabu na za simu ubavu kwa ubavu, sifuri mpaka tisa.

Nikiwa mwalimu nimejiwekea sharti kwamba wakati wa somo mikono yangu hukaa mgongoni. Ni vigumu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu mzee akisitasita juu ya skrini kwa dakika nzima kidole cha mwalimu hutamani kumsaidia, na kila kinapomsaidia kinamwambia kwamba hawezi. Tunatuma shilingi kumi kumi miongoni mwetu, tunasoma jina la mpokeaji kabla ya kukamilisha, na mara nyingine tunatuma mahali pasipo kusudi ili kila mmoja ajue kuupeleka ujumbe wa muamala kwa 456 na kuomba pesa zirudishwe. Hofu ya kuharibu ndiyo inayowafunga wazee kuliko ugumu wa simu yenyewe, na haitoki mpaka mtu akosee mahali salama kisha ajionee kwamba kosa linarekebishika.

Wakati na mahali navyo vina uzito. Akina mama huja baada ya sala ya alasiri na huondoka kabla ya magharibi, na mwalimu wao ni mwanamke, kwa kuwa ndani ya simu mna picha na mazungumzo ya nyumbani ambayo hawatayafungua mbele ya kijana wa watu. Wavuvi tunawangojea miezi ya kusi, bahari inapochafuka na vyombo kufungwa, maana wakati wa kaskazi hata ungewaahidi nini hawawezi kuacha riziki baharini waje kukaa mkekani. Darasa letu la mwanzo lilikuwa orofani, na sikuona kasoro yake mpaka baba mmoja anayetembea kwa magongo alipofika chini ya ngazi akarudi nyumbani bila kusema neno. Vichochoro na nyumba za mawe zilizoufanya mji wetu uingizwe katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001 ndivyo hivyo vinavyomzuia mwenye kiti cha magurudumu, na mwenye kufundisha Lamu hana budi kulifikiria hilo kabla ya kukodi chumba. Tulihamia chumba cha chini. Alikuja pia kijana asiyeona, ambaye baada ya kufunguliwa kisomaji cha skrini, kilichomo tayari ndani ya simu za Android, alijifunza kwa siku nne mambo ambayo wenye macho huchukua wiki tatu, na sasa ndiye anayenisaidia kuwafundisha wengine kusikiliza.

Nikivuka kwenda Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, nawakuta wengi wana simu za mulika mwizi, zile ndogo za vibonyezo, na mtandao huja na kuondoka kama upepo. Wafadhili hupenda kufikiri kwamba huko hakuna la kufundisha mpaka zifike simu za kisasa, jambo ambalo sikubaliani nalo hata kidogo. Nambari fupi zinazoanza na nyota hazihitaji bando wala skrini ya kugusa: *334# hufungua M-Pesa, na *147# humwezesha mtu kujisajili katika bima ya afya ya SHA iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Anayezimudu hizo kwa simu ya shilingi chache ameshapata sehemu kubwa ya uhuru wake. Kwa jamii ya Waaweer wa Basuba, ambao Kiswahili si lugha yao ya nyumbani, mwalimu atafutwe miongoni mwao hata kama ujuzi wake ni mdogo kuliko wa mgeni.

Haraka ninayoiona inatokana na serikali yenyewe. Pasipoti, ambayo kila anayenuia Hija lazima awe nayo, huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kurasa nyingi za maombi ni za Kiingereza, ilhali kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Matokeo yake ni kwamba wazee hupeleka vitambulisho vyao saiba, duka la intaneti, na kumwachia kijana wa pale kila kitu. Wapo vijana waaminifu mno. Hata hivyo nimeona akaunti za wazee zimefunguliwa kwa barua pepe ya mwenye saiba, hata mzee anapohitaji huduma nyingine hawezi kuingia bila yeye. Ikiwa unafanya kazi hiyo, nakuomba utumie nambari ya simu ya mzee mwenyewe, mwandikie neno la siri katika karatasi aende nalo, na ulifute kwako. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawahusu hata wazee hawa, ijapokuwa hawajawahi kuisikia.

Yule bibi wa Langoni hupokea matumizi yake mwenyewe siku hizi. Juma lililopita nilikuwa nimeketi ubavuni mwake alipotaka kumtumia mpwa wake wa Siyu pesa kidogo za dawa. Alilisoma jina la mpwa wake kwa sauti, silabi kwa silabi, akaridhika. Ilipofika zamu ya nambari ya siri alinigeuzia mgongo, akaifunika simu kwa upindo wa buibui, akabonyeza pole pole, na hakunigeukia tena mpaka ujumbe ulipoingia.