Jibu: Kung'oa uzio wa mabati na kupanda michongoma

Ndugu yangu, umeuliza kama ung'oe sasa mabati yaliyooza uani kwako Arusha na kupanda michongoma ili wapita njia wasikuone. Nakusihi usiyang'oe kwanza. Ua wa miti huchukua miaka kadhaa kufunga kabisa, na katika muda huo mabati hayo, hata yakiwa mabovu, yatakusitiri wewe na kuikinga miche dhidi ya mbuzi.

Panda mwanzoni mwa masika, mwezi Machi, ukisogea ndani ya mpaka wako yapata nusu mita ili matawi yasimwingilie jirani, na uache sentimita 30 hadi 50 kati ya mche na mche. Jambo ambalo wengi hulikosea, na ambalo huniuma kila nionapo ua mrefu wenye matundu chini, ni kuuachia mche urefuke upesi: ukate ncha ungali mdogo, kwa maana mche uliokatwa hutoa machipukizi ya pembeni, kisha uendelee kupogoa ua ukiwa mpana chini kuliko juu, ili mwanga uyafikie majani ya chini yasipukutike.

Pengine utashauriwa upande minyaa badala ya michongoma; nayo humea kwa urahisi kwa vipandikizi, lakini utomvu wake ukiingia jichoni huleta madhara makubwa. Kwa kuwa umesema una watoto wadogo, mimi nisingeipanda. Michongoma nayo ina miiba mirefu, basi iweke mbali na mahali wanapochezea.