Mnaoshuka Matema na bodi za kuteleza mawimbini msimu huu wa mwera, upepo wa kusini, someni hapa kwanza

Haya wadogo zangu. Kila mwaka masika yakianza kukata kule mwezi wa tano naanza kupokea zile simu, kaka nimepata bodi, wikiendi nashuka Kyela, nielekeze. Nimechoka kurudia maneno yale yale kwenye simu tena kwa salio langu, kwa hiyo leo naandika yote mara moja alafu atakayepiga namwambia kasome.

Mi sio mtaalamu wa kuzaliwa ufukweni, kwetu ni Uyole, Mbeya, maji mengi niliyoyajua utotoni ni ya mvua. Nilifanya kazi misimu minne kwenye loji moja pale Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, nikisimamia kayaki, na bodi yangu ya kwanza aliniachia mgeni wa Afrika Kusini aliyeshindwa kurudi nayo. Yeye ndo aliniambia kwao mawimbi mazuri yanaanza kuingia Aprili, Mei, majira ambayo kwao majani yanapukutika na baridi inaanza, nikamwambia basi tuko sawa maana na sisi ndo muda huo huo mwera unaanza kuamka.

Sasa elewa kwanza unaingia kwenye maji ya namna gani. Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 500 na Matema iko kwenye kona ya juu kabisa huku kaskazini, kwa hiyo mwera ukitoka kusini unasukuma maji njia nzima, Malawi upande huu Msumbiji upande ule, mpaka unakuja kuyatua mlangoni kwetu. Ndo maana siku ya upepo mkali unaona mawimbi kama ya baharini. Lakini sio ya baharini. Ya bahari yametoka mbali sana na kati ya wimbi na wimbi unaweza kuhesabu hata mpaka kumi na zaidi, unapata muda wa kupumua na kujipanga. Ya ziwani yanafuatana karibu karibu, hujamaliza kukohoa la kwanza la pili limeshakupiga la utosini. Na hakuna kujaa na kupwa kwa maana ya kupangia ratiba, kuna jamaa alikuja kutoka Dar akaniuliza bamvua, yani maji kujaa sana, ni lini, nikacheka mpaka nikakaa chini. Huku ratiba ni upepo tu.

Na hapo kwenye upepo ndo pana kitu ambacho wageni wote wanakielewa kinyume. Mtu akifika mchana akakuta mwera unavuma, ziwa limechafuka, mawimbi yanapiga kelele, anaogopa, anasema nitaingia kesho asubuhi likitulia. Asubuhi kweli anakuta maji yamelala kama kioo, milima ya Livingstone imejaa ukungu, anaona sasa ndo salama. Hapana bwana. Alfajiri upepo mara nyingi unatoka nchi kavu, unashuka kutoka milimani kuelekea ziwani, na ukisimama ufukweni huusikii vizuri maana milima na miti imekukinga. Maji ya karibu yanaonekana yametulia kwa sababu upepo unayasukuma kwenda mbali na wewe. Mwera na ubaya wake wote ukikuchosha unakurudisha mchangani. Ule wa asubuhi ukikuchosha unakupeleka Malawi.

Nasema hivyo kwa sababu ulinipeleka. Mwaka wangu wa pili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, peke yangu, sikumuaga mtu, nikapiga kasia kwa mikono kwenda ndani nikifurahia tu mandhari, nageuka nyuma naona paa za loji zimekuwa ndogo kama viberiti. Nikaanza kurudi, nakwenda nakwenda sisogei. Alafu nikateleza nikaanguka, kamba ya mguuni inayokuunganisha na bodi ikachomoka, ile sehemu ya kubandika ilikuwa imekufa siku nyingi na nilikuwa nikiiona kila siku nasema ntabadilisha. Bodi inakimbizwa na upepo mbele yangu na mimi naifukuza kwa kuogelea, yani mtu mzima nafukuza mlango unaoelea. Niliokotwa na wazee wawili wa mtumbwi waliokuwa wanatoka kuvua usipa, wale dagaa wa ziwani. Hawakunigombeza hata kidogo, mmoja aliniuliza tu kwa upole, mwanangu, ulikuwa unakwenda wapi? Sikuwa na jibu. Ndaga fijo, yani asanteni sana kwa Kinyakyusa, mpaka leo.

Kwa hiyo kabla hujaingia, rusha mchanga mkavu juu uone unaangukia wapi, angalia moshi wa majiko kijijini unalala upande gani, na angalia wavuvi. Kama mitumbwi yote imevutwa juu mchangani na wenyewe wamekaa wanashona nyavu, na wewe kaa. Ukikuta upepo unatoka nchi kavu usipite pale ambapo maji yanakufika kifuani, na awepo mtu ufukweni anayejua jina lako.

Vifaa sasa. Kamba ya mguuni ndo ya kwanza, kabla hata ya bodi yenyewe. Iwe na urefu karibu sawa na bodi, ivute kwa nguvu ukiwa nyumbani, ipinde uone kama ina nyufa, bandika na kubandua ile sehemu ya kubandika mara kadhaa, ikishaanza kuachia kirahisi tupa. Usifunge kwa fundo la kiatu, nimeona watu wanafanya.

Bodi kwa anayeanza ni ile ya sponji ya futi 8 au 9, usije na kile kibodi kifupi chembamba ulichoona kwenye video. Maji ya ziwa hayana chumvi, ni mepesi kuliko ya bahari kwa kama asilimia 2 hadi 3, unaweza kuona ni kidogo lakini bodi iliyokuwa inakubeba vizuri baharini hapa utaihisi inazama. Na wewe mwenyewe utaelea kwa shida zaidi, laifujaketi kwa asiyejua kuogelea vizuri sio aibu, tena kama hujui kuogelea kabisa usije na bodi, njoo na nguo za kuogelea tujifunze kwanza.

Ukiwa na bodi ngumu iliyotoboka usiingie nayo majini eti kitundu ni kidogo, inanyonya maji ndani inaoza. Ikaushe kivulini siku kadhaa tundu likiwa chini, piga msasa, ndo uzibe. Hapa kuna mtego, kama ndani yake ni ile povu nyeupe ya chenga chenga kama ya maboksi ya tivii, tumia gundi ya epoksi tu, ile resini ya poliesta wanayotumia mafundi wa kuziba fibaglasi inaiyeyusha, nilishuhudia bodi ya mtu inageuka shimo kama imemwagiwa asidi. Mapezi ya chini ya bodi yakaze skrubu. Nta ya kupaka juu ya bodi usiteleze chukua ya maji ya moto, maana maji ya Nyasa hata Julai bado ni vuguvugu ukilinganisha na bomba la Mbeya, na usiiache juani na bodi pia usiiache juani. Suti ya mpira huhitaji, fulana ya kubana ya mikono mirefu inatosha, mi zangu zote nimeokota mtumba Mwanjelwa.

Mamba wapo. Kaa mbali na midomo ya mito, Lufilyo, Mbaka na mingine, hasa masika yanapoisha maji yakiwa bado na tope, na waulize wenyeji wa siku hiyo sio wa mwaka jana. Upande wa mashariki kuelekea Ikombe mlima unaingia moja kwa moja ziwani ni mawe matupu, huko hakuna pa kuteleza. Ukishikwa na mkondo unaokutoa nje usipambane nao uso kwa uso, ogelea sambamba na ufukwe mpaka ukuachie. Radi ikiunguruma toka, subiri nusu saa tangu mngurumo wa mwisho, Kyela mwezi wa nne na wa tano haitaniwi.

Kichocho nacho kipo, konokono wake wanapenda maji yaliyotulia yenye majani kuliko pale wimbi linapopasuka, ila usijidanganye, jikaushe kwa taulo ukitoka. Na usimeze dawa kesho yake, prazikwanteli inaua minyoo iliyokomaa, michanga inapona, kwa hiyo nenda kapime wiki sita hadi nane baadaye. Chandarua usisahau, huku sio Mbeya.

Kurudi sasa. Ukitoka Matema na jasho usiku uko Uyole kwenye baridi ya Juni, mwenye kaptula mbichi atajuta kuanzia Tukuyu. Beba koti kavu kwenye mfuko wa plastiki. Bodi ifungwe juu ya kosta kwa mpira wa ndani wa baiskeli, sio kamba ya nailoni inakata, mapezi yatolewe, na konda akiuliza hiyo nini mwambie mlango. Ukisema ni ya kuchezea mawimbi anakupigia nauli ya mzungu.