Yoki ni ya Chasi, si ya Tyubu: Kwa Wanagenzi Wanaobadilisha Tyubu za Monita za Gemu

Harufu ya transista iliyoungua imerudi tena benchini, na ukiuliza unajibiwa, "Lakini tyubu ilikuwa nzima." Naam, mwanangu, ndiyo iliyobaki nzima peke yake. Haya, wanagenzi wa Malindi, sogezeni vigoda.

1. Tyubu haina 15 kHz wala 25 kHz (maelfu ya mistari ya picha kwa sekunde). Ni chupa, mizinga mitatu ya elektroni na fosfa (unga unaong'aa); masafa yanakaa kwenye chasi (bodi ya saketi inayoendesha tyubu) na yoki (koili za shaba shingoni zinazopeleka mwale huku na huku). Kinachotenganisha tyubu ya rezolusheni ya kati na ya runinga ni ukaribu wa nukta. Kioo cha inchi 19 kina upana wa picha wa sentimita 38 hivi. Nukta zikiachana milimita 0.8, unapata seti kama 480 za rangi, na gemu ya Paperboy inachora nukta 512 kwa mstari. Itawaka, ila maandishi yatakuwa uji. Kwa Pac-Man, yenye 224 kwa 288, tyubu ya runinga inatosha na kubaki.

2. Kabla ya kufungua skrubu hata moja, linganisha tyubu mbili: kipenyo cha shingo (milimita 29 au 22.5), pembe ya kupinda mwale (nyuzi 90, 100 au 110), mpangilio wa pini, hita (waya wa kupasha mizinga moto). Kwenye lebo ya tyubu, A48 ni sentimita 48 za kioo kinachoonekana, kona hadi kona, yaani inchi 19. A51 haiingii kwenye fremu yake hata ukiibembeleza.

3. Yoki. Hapa tumelia sote, wakubwa kwa wadogo, na kosa lenyewe huja kwa adabu kabisa. Kuna tyubu nzuri kutoka monita ya 25 kHz, na kuna monita ya 15 kHz ambayo tyubu yake imechoka. Yoki ya ile nzuri imegandishwa na gundi na kabari za mpira, rangi zake zinakutana kama zilivyotoka kiwandani, na mkono unasita kuivua. Inaletwa mita: koili ya mlalo hapa omu 1.4, kule 1.6. "Zimelingana!" Wapi! Nyaya za mita zenyewe huongeza omu 0.3 hivi, na omu inakueleza urefu na unene wa shaba tu. Induktansi, yaani jinsi koili inavyopinga mkondo kubadilika, haikuambii.

Mstari wa 15.75 kHz huchukua mikrosekunde 63.5, wa 25 kHz huchukua 40. Ili mkondo uwahi kupanda, koili ya monita ya kasi husukwa kwa induktansi ndogo. Ifunge kwenye chasi ya polepole: mkondo una muda mrefu na koili haiuzuii, basi unapita kiasi. Picha inavimba hadi nje ya kioo, na kijana anafurahi kwamba upana upo wa kumwaga, anaanza kuupunguza. Huku nyuma urejeo wa mlalo (muda wa mwale kurudi kuanza mstari mpya) umefupika, na urejeo ukifupika, mpigo wa volti kwenye kolekta ya transista ya mlalo unapanda juu zaidi. Transista ya volti 1500 haibishi hodi: tik, kisha fyuzi. Inawekwa mpya, inamfuata mwenzake. Kufikia ya tatu lawama zimehamia kwa muuza spea, eti anauza feki, na yoki imekaa pale pale shingoni, imenyamaza.

Ukigeuza, yoki ya 15 kwenye chasi ya 25, picha huwa nyembamba na volti za anodi (umeme mkali unaoingia ubavuni mwa tyubu) hushuka. Haiui haraka, kwa hiyo watu huivumilia miezi.

Basi hamisha yoki ya asili ya chasi iende tyubu mpya, au pima koili zote mbili, ya mlalo na ya wima, kwa mita ya LCR, inayosoma induktansi. Ile ya wima haijali 15 wala 25, kwa kuwa fremu ni karibu 60 kwa sekunde kote kuwili, lakini omu zake zisipoendana na aisi (chipu) ya wima, aisi inapikwa.

4. Toa chaji ya anodi kwenye msuko wa waya ulio nje ya tyubu, mara mbili, chaji hurudi.

5. Soketi ya shingo ivutwe moja kwa moja, bila kuitikisa. Ukisikia "fsss" na doa la fedha ndani ya shingo likageuka jeupe kama tui, hewa imeingia na tyubu imekufa; kafanye kazi nyingine.

6. Umeme wetu ni volti 240, na monita nyingi za Marekani zinataka 120 kupitia transfoma ya kutenga. Washa mara ya kwanza kwa balbu ya wati 100 kwenye sirisi, kirekebishi kilichoandikwa "screen" kwenye flaibaki (transfoma ya volti kubwa) kikiwa kimeshushwa.

7. Kuseti rangi. Digausi (ondoa usumaku wa kioo) kwanza. Acha kijani peke yake, rudisha yoki nyuma, tumia pete za sumaku za mwanzo shingoni kuleta ukanda wa kijani katikati, kisha sukuma yoki mbele mpaka kijani kijae kioo chote. Kaza. Pete za ncha nne zikutanishe nyekundu na buluu, za ncha sita ziwapeleke wote wawili kwa kijani. Kingo ni za kabari, na kabari ni za subira. Wala usishangae monita iliyosetiwa Japani ikifika hapa na madoa kwenye pembe: usumaku wa dunia kule unazama ardhini, huku kwetu unapanda juu. Iseti ikiwa imetazama mashariki au magharibi.

8. Kusi ikianza, chumvi na unyevu vinatua chini ya kikombe cha anodi, na usiku utasikia kinatatarika. Futa kioo na mpira kwa spiriti, acha vikauke kabisa, ndipo urudishe kikombe.