Rubani haambiwi "hali nzuri"

SWALI: Shikamoo babu. Kaka yangu anasomea urubani. Juzi alinionyesha kwenye simu taarifa ya uwanja wa Zanzibar: HTZA 140600Z 16012KT 9999 SCT020 28/23 Q1014. Kwa nini wasiandike tu kwamba hali ni nzuri? Na zile 18 na 36 zilizochorwa kwenye njia ya kurukia ndege ni za nini?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Nimepima hali ya hewa viwanjani hadi nikastaafu, na neno "nzuri" hatukuliandika hata siku moja. Nzuri kwa ndege kubwa yaweza kuwa hatari kwa kindege cha abiria wanne.

HTZA ni uwanja wenyewe. Tarehe 14, saa 0600 ya Greenwich, ambayo kwetu ni saa 3 asubuhi. Upepo unatoka nyuzi 160, kusini kuelekea mashariki kidogo, kasi yake maili 12 za baharini kwa saa. Huo ni kusi, mjukuu wangu, ule ule wa manahodha. Sasa tazama namba zako: 18 ni nyuzi 180 za dira, sifuri imeachwa. Anayetua njia ya 18 anaelekea kusini, kusi linampiga usoni na kumpunguzia mwendo juu ya ardhi. Kaskazi likishika, ndege hugeuka, zikatua upande wa 36. Njia ile imelazwa kwa kufuata pepo ambazo majahazi yalizijua zamani.

9999 maana yake macho yanafika kilomita 10 au zaidi. Tulikuwa na alama zetu, mnara huu, minazi ile, kila moja umbali wake tunaujua. Alama ikimezwa na mvua, namba inashuka. SCT020 ni mawingu yaliyotawanyika, kitako chake futi 2,000 juu ya uwanja. Joto ni 28, na hewa ikipoa hadi 23 umande unaanza. Namba hizo mbili zikikaribiana alfajiri, tulikuwa tukiuvizia ukungu.

Lakini iliyoninyima raha kila zamu ni ya mwisho, Q1014, mgandamizo wa hewa. Rubani huiweka kwenye kipimo chake cha kimo, na kila namba 1 ni karibu futi 30. Akija na 1024 aliyoiweka kwingine asibadilishe, kipimo kitamwambia yuko futi 300 juu zaidi ya alipo kweli. Usiku, ndani ya mawingu, futi 300 ndiyo nafasi yote aliyonayo. Kwa hiyo mnara wa kuongozea ndege ukimtajia namba hiyo, hana ruhusa ya kujibu "sawa" akanyamaza. Lazima airudie, tarakimu kwa tarakimu, na aliye mnarani asikilize.

Mwambie kaka yako akutajie Q ya Tanga jioni hii, nawe umrudishie.